Inajihesabu

Saa mbili na robo, Zestaponi, theluji imegeuka tope.
Nabonyeza kitufe kwa dole gumba, glavu sijavua.
Kwanza feni: inakohoa, inanguruma, inatulia.
Kisha mlio mmoja mfupi, kama mtu aliyeitwa jina
akaitika bila kuinua kichwa.
Halafu tarakimu.

Mia sita na arubaini. Elfu moja na ishirini na nne.
Zinapanda kwenye kona ya kioo cheusi, bila pupa,
kilobaiti kwa kilobaiti,
mfano wa mwenye duka anayehesabu chenji ya jana
kabla hajafungua mlango,
ingawa usiku kucha hakuingia mtu.

Nje ya dirisha langu, foleni ya bili za maji.
"Bado?" anauliza Pupuli, mfuko wa vitunguu miguuni.
"Bado. Inajihesabu."
"Kwani jana haikujihesabu?"
Jana ilijihesabu mara sita, Pupuli.
Umeme ulikatika mara tano,
na kila ulipokatika ilisahau kwamba ilishakumbuka.

Gocha fundi alinionyesha njia ya mkato:
bonyeza hapa pembeni, hesabu inarukwa.
Nilimshukuru. Sijawahi kupabonyeza.
Dakika ile ni yangu. Navua glavu,
namenya chenza, maganda nayaweka juu ya jiko la mafuta taa
ofisi inukie kitu kisichokuwa bomba.
Kipande cha mwisho nakimeza ikifika elfu kumi na mbili.
Najua bila kutazama.

Kikomo chake ni elfu kumi na sita, mia tatu themanini na nne.

Jumanne moja ikasimama njiani.
Elfu nane, mia moja tisini na mbili. Ikapiga mlio wake,
ikaendelea na kazi, haina habari.
Nusu ya chenza ilikuwa bado mkononi.

"Si inawaka?" alisema meneja.
Inawaka. Bili zilitoka, zikijikokota.
Mali bila daftari huisha bila habari, wanasema;
hapa daftari lenyewe ndilo lililopungua,
na likatusalimu asubuhi kama kawaida.

Gocha alikuwa ameshahamia Thesaloniki, anapaka rangi nyumba za watu.
Nikaazima bisibisi kwa Varlam, msoma mita,
nikafungua kifuniko. Vumbi kama manyoya ya paka.
Vibao viwili vyembamba vimesimama bega kwa bega.
"Kumbe ina meno ya dhahabu!"
Varlam akacheka, na yake yakaonekana.
Nikachomoa cha pili, nikakisugua kwa raba ya mwanangu,
ile yenye sungura ubavuni,
nikakirudisha mpaka kikasema tik.

Foleni nzima imeinama dirishani.
Elfu saba. Elfu nane. Elfu nane, mia moja...
Pupuli anahesabu kwa sauti, anaachwa nyuma, ananyamaza.
Elfu tisa.
Mtu akapiga kofi moja tu, akaona haya.
Elfu kumi na tatu. Kumi na tano. Kumi na sita, na mia...

Umeme ukakatika.

Hakuna aliyeondoka.
"Itaanza tena," alisema Varlam, kana kwamba ni yeye aliyeiunda.
Gizani, upande wa pili wa kioo,
nikasikia mtu anamenya chenza.