Pengo

Baraza la Waajiri wa Kauri limekaa Stoke,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia:
wenye viwanda kumi na mmoja, biskuti sahani mbili.
Mimi ndiye mwandika kumbukumbu.

Ajenda ya kwanza: pengo.
Pengo la ujuzi, asema mwenyekiti, Bwana Tunnicliffe,
na kila akilitaja ulimi wangu
huenda kuligusa langu,
gego la kushoto, lililong'olewa Tanga
mwaka wa mtihani.

Wanalipima kwa asilimia.
Mwenye tanuri anataka watu wa tanuri,
mwenye vigae anataka wa kompyuta,
mwenye vyoo, tajiri kuliko wote, anataka
yeyote atakayefika saa kumi na mbili asubuhi
na kesho yake akarudi.
Kicheko. Sikukiandika.

Kisha wakamwita Doreen Colclough,
miaka arobaini na mmoja kiwandani,
koti hakuvua.
Akafungua kitambaa: vikombe viwili, pacha.
Akagonga kwa ukucha.
Cha kwanza kikasema *ting*.
Cha pili kikasema kama mtu aliyefunikwa blanketi.
"Hiki kizima. Hiki kina ufa."
Tunnicliffe akavaa miwani, akakigeuza, akakigeuza.
Ufa hakuuona.

"Hilo tuliite nini?" akauliza kijana wa vigezo,
vidole juu ya kompyuta.
Usikivu? Udhibiti wa ubora, ngazi ya pili?
Na lafundishwa kwa muda gani? Kozi zetu ni wiki sita.

"Wiki sita," akasema Doreen, "nilifagia.
Ndipo Mavis akaniruhusu kushika kikombe.
Nikikosea hakusema kitu.
Alinirudishia tu, nigonge tena."

Kimya. Mtu akavunja biskuti.
Kwetu husemwa jino la pembe si dawa ya pengo,
lakini mwandika kumbukumbu hana kwao.
Niliandika: *Kigezo cha 14. Kutambua nyufa. Kitajadiliwa.*

Walipoondoka nikakusanya vikombe vya chai.
Chini vina muhuri wa nchi nyingine.
Nikavipanga kando ya sinki, kumi na viwili,
nikagonga kwa ukucha, kimoja kimoja.

Vyote vilinijibu sawa.

Nikarudi cha kwanza.