Mrija wa Mpapai

Kipindi cha mwisho, Jumatano, skuli ya Konde.
Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia thelathini na moja
na ramani ya dunia ilikuwa imechanika pale pale ninapopataka,
baina ya Uturuki na Bara Hindi.
Nilikuwa nimeishona kwa uzi mweusi.
Asaa akauliza, mwalimu, hii ni reli?

Nikawaambia, fumbeni macho.
Sauti ya kwanza ilitoka Uturuki, harusini,
kali, ya puani, imebeba vumbi la njia nisiyoijua.
Ya pili Bara Hindi, laini kidogo,
kama mtu aliyelamba asali kabla ya kugombana.
Ya tatu Uchina: kijiji kinamzika bibi yao,
na bomba lenye mdomo wa shaba,
uliofunguka kama ua la boga,
lamlilia kuliko wanawe.
Ya nne kaskazini ya Nigeria, mlangoni pa mtawala,
anaamshwa kwa sifa za babu zake.
Majina ya ala zao niliyatamka vibaya.
Wenyewe hawakuwapo wa kunisahihisha,
nikauomba radhi ukuta.

Kimya.
Nyuma kabisa, Mize Hamad,
ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono,
akafumbua jicho moja:
"Mwalimu, hizo zote zalia kama zumari ya ami yangu."

Basi. Somo lote kalisema yeye.
Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Nikazikunja.

Tukatoka nje. Nyuma ya choo cha walimu
kuna mpapai dume, usiozaa,
unaotishiwa shoka kila mwaka.
Tukakata majani, tukabaki na mirija,
kisu kimoja, watoto arubaini na wanane.
Unapasua ncha, mwanya mwembamba kama unywele,
unauingiza wote mdomoni, usiung'ate,
unapuliza hadi utomvu ukuwashe midomo.
Kwanza ilitoka pumzi tupu.
Kisha Faki akapata sauti ya bata anayedaiwa,
na utulivu wa skuli ukaishia hapo.

Nikasema: wapulizaji wa kweli hawakati pumzi,
awe wa Uchina, awe wa Chake Chake.
Mashavu ni ghala;
huku unatoa, huku unaingiza kwa pua.
Tukajaribu kwa glasi ya maji, mapovu yasisite.
Asaa alifika sekunde tisa
akacheka, maji yakampitia puani.

Mwalimu mkuu akachungulia;
darasa la sita walikuwa na hesabu upande wa pili.
"Mwalimu Raya, haya yamo kwenye mtihani?"
Hayamo, nikasema.
Akasimama zaidi ya ilivyohitajika,
kisha akauliza, kwa sauti ya chini,
ile ya msibani ni ipi.

Zumari ya ami yake Mize iko juu ya kabati,
imeviringishwa foronya,
tangu alipoanguka na baiskeli
akapoteza meno ya mbele.
"Na huko Uchina," Mize akauliza,
"asiye na meno hufanyaje?"

Sikujua.
Nimeliandika swali ubaoni, pembeni,
nikalizungushia duara lisifutwe.
Wiki ya pili sasa liko pale,
juu yake sehemu, desimali, tarehe.

Ila siku ile, nikifunga madirisha,
nilimwona Mize anakwenda kwao na mirija miwili,
mmoja mkononi, mmoja kauficha ndani ya daftari.
Na baada ya alasiri, kutoka upande ule,
ikaja sauti, inavuja hewa pembeni,
ikayumba, ikashika, haikukatika.
Sikuweza kujua ni mtoto anayejifunza
au mtu mzima anayejifunza upya.

Mrija ukikauka hausemi tena.
Mpapai umebakiwa na majani kumi na moja.
Niliyahesabu.