Weka Alama ya Vema

Kokugonza alikuja saa moja na nusu, kabla sijapiga deki,
na dodoso lake mkononi: "Nakala mia mbili, Mama Rimu,
mbele na nyuma, bei ya mwanafunzi."
Mashine yangu huamka kwa kukohoa.
Nikaiinamia, nikisoma kila karatasi inavyotoka,
maana mwenye kurudufu naye ana macho.

Swali la kwanza: Unasoma fani gani?
Swali la tisa: Je, unaridhika na wanaotuongoza?
Katikati maswali saba, kama mizigo ya mpangaji
anayehama usiku, asiyetaka ujue aendako.

"Unatafuta nini?"
"Kama kitabu anachosoma mtu," akasema,
"ndicho kinachompigia kura."

Nilicheka hadi unga wa wino ukanirukia kifuani.
Miaka kumi na minne hapa Changanyikeni
nawafungia tasnifu kwa waya na jalada la buluu;
yangu sijaifunga.

Siku ile umeme ulipokatika katikati ya ukurasa,
Sifaeli wa uhandisi alipiga magoti na bisibisi,
hana habari na serikali, anatafuta waya.
Wa sosholojia aliuliza mitaa gani haikatiwi.
Mpwa wangu Mbonea, wa sheria, alidai risiti.
Yule binti wa uhasibu alinyamaza, akihesabu
kurasa alizokwisha kulipia.
Ukiishia hapo utasema: naam, imethibitika.

Lakini ni Sifaeli huyohuyo, mvua zilipokwisha,
aliyeleta kurasa nne kuhusu kalavati la mtaani kwao.
"Zege hili limeibiwa saruji," aliandika,
na hasira yake ilikuwa na vipimo, sentimita kwa sentimita.
Na wa sosholojia, aliyekuwa akinigongea usiku
nimchapie vipeperushi kwa mkopo,
siku hizi huja mchana, na shati la rangi ya msimu,
kuagiza mabango. Analipa taslimu.

Mbonea je? Alianza kubishia chenji
akiwa na miaka sita, meno ya mbele hana.
Sheria ilimkuta njiani ikamvika joho.
Sasa nani alimfinyanga nani?

Kokugonza aliandika hilo kwenye kiganja,
kisha akalifuta kwa gumba.
"Msimamizi wangu anataka namba, mama.
Hilo halina kisanduku."

Nakala ya mia na thelathini na saba ilinasa,
ikatoka na mikunjo kama uso wa mtu aliyeamshwa.
Nikaiweka kando, nikatoa nyingine.
Jioni, shata nimeishusha nusu,
nikachukua kalamu ya wateja, ile yenye kamba.

Fani: nikaandika, kurudufu.
Mwaka wa masomo: wa kumi na nne.
Wazazi wako walisoma hadi ngazi ipi?
Nikamwona baba, kuli wa bandarini,
akikunjua gazeti lililofungiwa dagaa,
akizikasirikia habari za mwezi uliopita
kana kwamba bado zinaweza kuzuiwa.
Kuna visanduku vinne. Hayumo hata kimoja.

Swali la tisa nikalikalia.
Nimewarudufia wanaolaani na wanaosifu,
karatasi ileile, shilingi mia ileile.
Wino haubagui, nimezoea kusema.
Kila aliyeniuliza maoni yangu nilimjibu:
upande mmoja au pande mbili?
Pengine hiyo ndiyo siasa yangu.
Pengine ni woga tu, nimeuvalisha aproni.

Kalamu ilisimama kati ya "naridhika" na "siridhiki",
kamba imevutika mpaka mwisho wake,
ikaacha doa.

Kesho Kokugonza akifuata chenji yake
nitampa na hii, ya mia mbili na moja.
Ajue mwenyewe pa kuihesabu.