Limau Lisilokwisha Kumenywa

Kalenda ya duka la dawa imekwisha miaka tisa sasa,
bado iko ukutani, juu ya cherehani yangu.
Desemba sikuichana, maana Desemba ndiyo yenye picha:
meza ya watu wa kale, kitambaa kimekunjamana,
bilauri imejaa nusu,
na limau lililoanza kumenywa likaachwa.
Ganda linaning'inia ukingoni mwa meza.
Halidondoki.

Wateja huniuliza, leo tarehe ngapi?
Nawaambia waangalie simu zao.
Ukuta huu hauna tarehe.

Nimeshona sare za shule mbili chini ya limau hilo,
na kila alasiri, jua likipenya mlangoni,
mate hunijaa kinywani. Ni hilo tu.
Jina la mchoraji sijui, panya walikula pembe ile.
Lakini ukali wa limau aliujua, na kitambaa alikijua:
mkunjo ule wa kushoto, mimi fundi nakuapia,
ulipigwa pasi jana yake, kisha mtoto akauvuta.

Kitabu nilikinunua kwa Nyaburu muuza karanga.
Alikuwa anakichana kuanzia nyuma,
ukurasa mmoja, pakiti moja.
Niuzie kilichobaki, nikamwambia.
Akakipima mkononi, akanitoza bei ya karanga.
Riwaya nene, ya nchi ya baridi, ya zamani mno,
mtu mvumilivu ameitia katika Kiswahili,
nami Kiswahili ninacho: baba alikuwa mlinzi wa garimoshi,
akitugombeza kwa lugha ya reli
na mama akimjibu kwa Kijapadhola.

Theluji sikuijua.
Niliisoma kwa vumbi la saruji,
lile la kiwandani, linalotua juu ya migomba ya Tororo
hata jani likasahau rangi yake.
Humo nikamtembeza mjane wa kitabuni na viatu vyake vyembamba,
kurasa mia nne, hadi posta.
Akapewa barua.
Akatia kidole chini ya gundi,
na hapo ndipo karanga zilipoanzia.

Halafu Ofwono.
Ofwono mwenye kibanda cha sinema nyuma ya soko,
mfasiri wa wote, mikrofoni mkononi,
ambaye mbwa hapiti kwenye filamu bila kukopeshwa maneno,
ambaye jambazi yeyote, wa nchi yoyote,
ana deni kwa mjomba wake huko Nagongera.
Siku hiyo jenereta lilikohoa, likakubali,
na diski ikawa si ile iliyoandikwa kwenye kasha:
picha nyeusi na nyeupe, vijana wakazomea.
Mzee amerudi kwao. Mvua. Amesimama nje ya dirisha.
Ndani wanakula.
Hapigi hodi.
Nasi tukasubiri Ofwono amtilie mzee maneno,
tukasikia pumzi yake tu kwenye spika.
Fasiri! mmoja akapiga kelele, akarusha gunzi.
Mzee akainua kola ya koti, akaondoka.
Pumzi.

Nilipotoka nikamuuliza, ulikuwa unaumwa?
Akasema, samahani fundi,
nilisahau kama niko kazini.

Suruali aliyoleta wiki ile nimpunguzie kiuno
sikumtoza.

Mtoto wa dada yangu, Obbo, ana simu ya maana.
Shangazi, anasema, nitajie jina la kitabu,
mwisho wake nitakupatia kabla chai haijapoa.
Nikamwambia subiri.
Usidhani ni hekima. Naogopa.
Barua ile nimeifungua mara nyingi mno,
usiku, umeme ukikatika:
mara ni deni, mara ni mwana yu hai,
mara moja ilikuwa karatasi tupu, nikacheka peke yangu
mume wangu akaamka.

Jana nilichukua limau, na kisu cha jikoni.
Nikalimenya taratibu, nikilizungusha,
nione kama ganda litaning'inia kama lile.
Lilikatika mzunguko wa tatu.
Nikalikamulia kwenye chai,
nikarudi kwenye kola za sare,
kumi na saba bado.