Mshika Taa, Kutaisi

Ruta iko juu ya kabati, taa zake tatu zakonyeza.
Simu imeunganika. Runinga imeunganika.
Hata mizani ya bafuni aliyoiacha Ketino imeunganika,
na haina la kumwambia mtu ila uzito wangu.
Kompyuta peke yake imenuna.

Miaka thelathini na moja niliongoza treni:
nyekundu, simama; kijani, pita.
Sikuwahi kuona taa ya kijani inayokataza.

"Zima, washa," Ketino ananiambia kutoka Porto.
Nazima. Nawasha.
"Sahau mtandao, uanze upya."
Kusahau, mwanangu, nakuweza.
Ni huko kuanza upya.

Neno la siri naliandika herufi kwa herufi:
jina la mbwa wetu, na mwaka aliokufa.
Limekataliwa. Tunacheka.
Ananiuliza kama bado nakula mkate mkavu usiku.
Ananisimulia jino lake, mwenye nyumba wake, mvua ya kule.
Saa nzima na dakika kumi.
Siku za sikukuu hunipa nne.

Kisha: "Baba, pembeni kuna kiswichi kidogo?"
Kipo. Kidole chagusa, tik,
na vijiti vya mtandao vinachomoza kama nyasi.
"Haya basi," anasema, "nimefurahi. Nina kazi."

Nje, theluji inafukia reli ya zamani.
Mbele yangu kila kitu kimefunguka,
habari, hali ya hewa, bei ya viatu nisivyovitaka.

Kesho jioni, baada ya chai,
kidole changu kitateleza.
Uzee huo.