Vipimo vya Posta ya Soroti

Baraza la jiji limenituma nipime baraza la posta.
Futi hamsini na mbili kwa tisa. Nguzo sita.
Ya tano imepinda kidogo,
kama mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi
akahamishia uzito mguu wa pili.

Fomu inauliza: hali ya paa, hali ya kuta, umri.
Umri nianzie wapi?
Kwenye matofali, yaliyochomwa kando ya Awoja
na vijana ambao majina yao hayako kwenye faili lolote?
Mengine yana alama ya dole gumba.
Fundi Harnam Bhamra aliyapanga
refu, fupi, refu, fupi,
refu, fupi,
na baba alikuwa akisema huo ukuta ni simu ya maandishi
iliyopigwa kabla waya haujafika,
na hakuna karani aliyewahi kuisoma.

Mkataba ulitaka saruji.
Saruji ilikwama Mbulamuti mvua nzima.
Bhamra akachukua chokaa, akachukua udongo wa kichuguu,
akachanganya, akaonja kwa ncha ya ulimi,
akatema, akaongeza maji.
Nimekwangua kidogo kwa ukucha. Bado haubanduki.

Chini ya dirisha la stempu mbao ya mvule imebonyea,
mabonde mawili laini kama visahani.
Viwiko hivyo.
Vya waliosubiri mwana aliye vitani ng'ambo,
vya karo, vya talaka,
vya mama mmoja wa Gweri aliyekuja kila Jumatano
kununua stempu asiyoitumia.
Kina: robo inchi. Fomu haina safu ya viwiko.

Baba yangu, Ekwam, alichambua barua humu miaka thelathini na moja.
Mwaka ule wa siku tisini
Popatlal Vithlani, muuza vitambaa, alimletea ufunguo mdogo wa shaba.
Sanduku namba 61.
"Nitunzie. Binti yangu huenda akaandika."
Akaenda na sufuria mbili na redio.
Binti aliandika. Mara tatu.
Baba alizitia sandukuni kama sheria inavyotaka,
akafunga, akarudisha ufunguo kwenye msumari jikoni kwetu,
juu ya chumvi.

Kisha ikaja miaka ya bunduki, ng'ombe wakaisha Teso nzima,
na watu wa vijijini wakalala hapa barazani,
nguzo hadi nguzo wamefunga kamba za nguo.
Milango ya masanduku iling'olewa ikawa majiko ya mkaa.
Sitini ilikwenda. Sitini na mbili ilikwenda.
Mtoto alizaliwa chini ya kaunta ya vifurushi;
wakamwita Posta, na leo ni fundi cherehani mtaa wa pili,
anachukia sana jina hilo.

Leo kwenye nguzo ya tano umeegeshwa mwavuli wa njano.
Amuge anatuma pesa kwa simu, foleni yake inafika ngazini.
"Dada, unapima ili wabomoe?"
"Napima ili wajue."
Sikusema uongo.
Sikusema yote pia.

Nilibakiza ukuta wa masanduku mpaka jua likahamia nyuma ya mwamba.
Ufunguo uligoma, nikaupaka mafuta ya kujipaka, ukakubali.
Barua tatu, zimevimba, zimeshikana,
na juu yake nyigu amejenga:
vyumba saba vya udongo mwekundu, vimepangwa
refu, fupi, refu.

Nikaingiza futikamba. Kina, inchi kumi na mbili.
Swali la mwisho la fomu: je, jengo linatumika?
Nilikuwa bado natafuta kalamu
nyigu aliporudi na tonge lake la tope,
akaning'inia hewani karibu na sikio langu.

Nikasogea, nikampisha.