Hesabu za Karakana ya Imas

Bandung, mtaa wa nyuma ya soko la vyuma chakavu,
ghorofa ya pili, juu ya muuza supu ya mipira ya nyama:
hapo ndipo tulipounda kipimamwinuko.
Mimi si fundi. Mimi ni Yayat wa vitabu,
naandika kilichoingia na kilichotoka,
na mwaka ule kilichotoka kilikuwa kingi.

Kiwanda cha taifa kilikuwa kinaunda ndege,
abiria kumi na tisa, bawa juu, miguu mifupi,
ya kutua visiwani, ambako uwanja ni majani
na mbuzi hufukuzwa kwanza kwa filimbi.
Mwili wetu, walisema. Mbawa zetu.
Ribiti tumezigonga wenyewe, moja moja.
Lakini kichwa kilikuja ndani ya makreti,
kimepigwa lakiri, kimeandikwa USIFUNGUE,
na kikiugua hurudishwa kwao,
miezi minne, kwa dola,
huku kiwiliwili kimekaa bandani
kikingoja akili yake ipone ughaibuni.

Imas akasema: nitaunda kimoja. Kimoja tu.
Alikilaza kwenye friji ya samaki ya shemeji yake,
alfajiri akakihamishia tanuri la mwokaji Engkos.
Akakifunga kwenye pikipiki, akapanda Lembang
kwa njia ya mashimo, akarudi na matope hadi kwenye nyusi:
mshale haukutetereka.
Nikaandika: petroli, rupia elfu themanini.
Mikate iliyoungua, kumi na miwili.

Siku ya zabuni
wageni walikuja na suti za rangi ya mawingu
na skrini pana, anga buluu juu, ardhi kahawia chini,
nzuri, sitasema uongo, nzuri mno.
Bei ilikuwa na mkia:
mafunzo, vipuri, programu mpya kila mwaka.
Nikaupima mkia ule kwa vidole chini ya meza.
Ulimzidi mnyama.

Imas akatoa bisibisi mfukoni,
akafungua kifuniko mbele ya wote.
"Huyu si mbuzi wa kwenye gunia," akasema.
Solda iling'aa kama meno ya mtoto.

Bwana Wiryawan wa ununuzi akakishika
jinsi mtu ashikavyo mwana wa jirani.
"Kina cheti?"
Cheti hupewa kilichokwisha kuruka.
"Kimeruka?"
Huruka kilicho na cheti.
Akacheka, tukacheka, hakuna aliyefurahi.
Kisha akasema taratibu:
"Bibi Imas, abiria kumi na tisa si mikate."
Imas alinyamaza.
Nimemheshimu tangu siku ile kwa kimya hicho,
maana alijua mtu yule alikuwa na haki.

Ukurasa wa mwisho wa orodha,
ambako wageni hawakujisumbua kuinama,
palibaki taa: FUNGENI MIKANDA.
Sita kwa kila ndege. Faida, ya kununulia sabuni.
Tukaichukua.
Miezi kumi na mmoja ya moto na barafu, halali safari hii,
kwa karatasi moja yenye mhuri,
ambayo Imas aliibandika kwa gundi karibu na jiko la chai.

Ndege iliporuka tulikuwa nje ya uzio
pamoja na wauza karanga.
Iliinua pua, ikapinda kushoto juu ya mapaa.
"Imewaka," Imas akasema.
Hakuna aliyeweza kuiona. Nikaitikia.

Kipimamwinuko kiko mezani kwangu, juu ya ankara.
Kinasoma mita mia saba na kitu, kimo cha mji wetu.
Mvua ikikaribia, hewa ikilegea,
mshale hupanda kidogo,
unadhani tumeanza kuondoka.
Naujua ufunguo wa kuurekebisha.
Siushiki.